Samli kwenye Kioo cha Anga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyanzala alivipaka samli vibuyu vya maziwa vya mama yake, akavisugua kwa kitambaa mpaka ving'ae. Mama yake hakuwa mwepesi wa kusifu, lakini kwa vibuyu hivyo alimsifu mbele ya wageni. Sifa zile zilimpanda binti kichwani kidogo, tusifichane.

Shuleni kwao Litapunga kulikuwa na kitu kingine cha kung'arishwa. Juu ya paa la stoo palifungwa chombo chenye kioo cha mviringo kilichotazama angani. Madam Josefina, mtafiti aliyekileta, aliwaeleza wanafunzi kwamba hewa ya juu sana, karibu kilomita tisini kutoka ardhini, hutoa mwanga wake yenyewe usiku. Mwanga huo ni hafifu mno, macho ya mtu hayauoni. Chombo huupima kikiwa hapa hapa chini, na watafiti wakilinganisha nguvu za rangi zake hujua huko juu kuna baridi kiasi gani, mahali ambapo ndege haifiki. Walichagua Litapunga kwa sababu giza lake ni giza kweli, si kama Mpanda mjini penye taa kila duka.

Nyanzala na mwenzake wa darasa la sita, Audace, walipewa kazi ya kupanda ngazi kwa zamu kila jioni wafute vumbi. Sharti lilikuwa moja tu: kitambaa kikavu.

Alhamisi, zamu ya Nyanzala, kioo kilionekana kimefifia. Alifuta, hakikumridhisha. Basi akafanya kama nyumbani. Alikuwa amebeba samli kidogo ya kujipaka miguuni, akaipaka kwenye kioo na kusugua. Kiling'aa, naye akashuka akijipongeza.

Jumatatu Madam Josefina alifika shuleni uso umekunjamana. Vipimo vilikuwa vikiruka ovyo, na kioo kilikuwa na mafuta yaliyoshika vumbi. Mwalimu mkuu, Sylvanus, aliwaita wote wawili ofisini na kuuliza nani alipanda ngazi jana. Audace akainua mkono.

"Ulipaka nini pale juu?"

"Sijapaka kitu, mwalimu. Nilifuta tu na kitambaa kikavu."

"Kwa hiyo mafuta yalijipaka yenyewe?"

Audace akainama. Mama yake, Immaculata, alikuwa ameshawaambia watu wote kanisani kwamba mwanawe anafanya kazi na watafiti. Leo angerudi nyumbani kumwambia amefukuzwa kazi hiyo kwa uchafuzi. Nyanzala alijua hilo.

Madam Josefina akaongeza, kwa sauti ya uchovu, kwamba mafuta kidogo huweza kupotosha vipimo bila kuonekana, na kwa kuwa hajui yalianza lini, hawezi kuamini kipimo hata kimoja. Ingebidi atupe kazi yote waliyoifanya Litapunga tangu mvua zilipokatika, kisha ahamishie chombo kijiji kingine, Sitalike.

Hakuna aliyemwona Nyanzala Alhamisi ile. Angenyamaza, yangepita, na Audace angeyabeba. Alificha mikono nyuma. Ilinukia samli ya asubuhi, na alihisi ofisi nzima inainusa. Mwalimu mkuu alikuwa ameshamnyooshea Audace mkono adai ufunguo wa stoo ilimowekwa ngazi.

"Ni mimi, madam," Nyanzala alisema. "Nilipaka samli Alhamisi. Nyumbani ndivyo tunavyong'arisha vibuyu."

Mwalimu mkuu alisimama kwa hasira, lakini Madam Josefina alimwomba asubiri.

"Una hakika ni Alhamisi? Kabla ya hapo hujapaka hata mara moja?"

"Hata mara moja, madam."

Mtafiti akafungua kompyuta yake na kuangalia vipimo vya kila siku. Hatimaye Madam Josefina akashusha pumzi. Mpaka Jumatano vipimo vilikuwa vimetulia, na fujo ilianza Alhamisi ile ile.

"Siku hizi chache zimekwenda, Nyanzala. Usiku uliopita hatuwezi kuupima tena, na hilo linauma," alisema. "Lakini zilizotangulia umeziokoa. Nikijua kosa lilianzia wapi, naweza kufanya kazi. Ukinificha, kosa lako dogo linakula hata kazi iliyofanywa vizuri, na linamla mwenzako. Chombo kitabaki hapa."

Nyanzala alimgeukia Audace na kumwomba radhi mbele ya wote. Mwalimu mkuu akaamua kwamba kwa mwezi mzima Audace atapanda peke yake, naye Nyanzala atashika ngazi.

Jioni ile kioo kilisafishwa kwa spiriti. Nyanzala alimpa Audace kitambaa, lakini Audace hakukipokea mara moja.

"Kwanza nionyeshe mikono," alisema.

Nyanzala akaionyesha. Alikuwa ameinawa kwa sabuni mara mbili. Audace akatabasamu, akachukua kitambaa, akapanda.