Sketi Iliyokwisha Upindo

Kila jioni Safina alipotoka shule, alivua viatu mlangoni na kukaa kwenye kochi mbele ya runinga. Mama yake, Farida, alikuwa fundi wa nguo mtaani Hamugembe. Cherehani yake ilielekea runinga hiyohiyo, hivyo alishona huku akifuatilia tamthilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chakula chako hicho mezani."

Chakula chenyewe kilikuwa chapati na ndizi za kukaanga, na soda ya kuteremshia. Baba alikuwa kisiwani Goziba kwa biashara ya dagaa, na bodaboda zilipita mtaani kama zinafukuzwa. Roho ya Farida ilitulia mtoto akiwa ndani.

Jirani yao Kokwijuka alikuwa akimsifu Safina. "Waitu, mama Safina, mtoto wako ametulia. Alistidia wangu hakai chini."

Farida alitabasamu. Nani hapendi kusifiwa mwanawe?

Darasani kwao hakuna aliyemfikia Safina kwa shabaha katika netiboli. Timu ya shule ilikuwa ikijiandaa kwenda kucheza Muleba, naye aliiota safari hiyo. Lakini kila mazoezi alichoka mapema, akabaki ameshika kiuno.

"Shabaha unayo, pumzi huna," Mwalimu Clotilda wa michezo alimwambia kwa upole. "Usipojitahidi, Alistidia atachukua nafasi yako."

Safina alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga.

"Mama, sketi ya michezo inanibana."

Farida aliigeuza sketi. Upindo wa pembeni aliokuwa akiuachia kila muhula ili sketi ipanuke ulikuwa umekwisha.

"Nitaunga kitambaa pembeni," alisema.

"Usiunge, mama. Nikikimbia kidogo tu nakosa pumzi. Naomba niwe nacheza nje na Alistidia. Nisipofanya mazoezi, Muleba siendi."

Farida aliitazama sketi, akaitazama sahani iliyokuwa kwenye mkono wa kochi, kisha akazima runinga. Kelele za watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya kibanja cha migomba cha Kokwijuka zilisikika wazi. Moyo ulimuuma.

"Kosa si lako, mwanangu. Mimi ndiye niliyekukalisha hapo."

Kesho yake alihamishia cherehani barazani, upande wa uani, ili amwone Safina akicheza hapo na Alistidia. Walianza kula pamoja mkekani, runinga imezimwa, matoke na maharage na mchicha. Soda ikabaki ya sikukuu. Kusema kweli, aliyeteseka zaidi ni mama. Jioni moja Safina alimkuta amesimama mbele ya runinga, sauti ameipunguza kabisa.

"Mama, tulikubaliana."

"Nilitaka kujua tu kama yule bwana arusi amerudi," Farida alijitetea, akaizima. Wote wawili wakacheka.

Pumzi ilirudi polepole. Siku ya safari Safina alivaa sketi ileile bila kuungwa kitambaa. Huko Muleba walifungwa kwa tofauti ya bao moja, lakini alicheza mpaka filimbi ya mwisho, na mabao mengi ya timu yao aliyafunga yeye.

Aliporudi, hata hakuingia ndani. Alikimbilia uani kumwonyesha Alistidia alivyofunga.

"Mama Safina, huyu naye siku hizi hatulii," alisema Kokwijuka.

"Na asitulie," Farida alijibu. "Nilidhani nimelea mtoto mtulivu, kumbe nilimfundisha kukaa. Mtoto huiga nyumba yake, jirani. Tukitaka ainuke, sisi wazazi tuanze kuinuka."

Akaacha cherehani, akaingia uani kudaka mpira.