Abee ya Mwanatabu

Mimi ni mtu wa kinyaa, nimerithi kwa marehemu mama. Mama akimwona mtu anatema mate mekundu ya tambuu, siku hiyo hali chakula. Basi nikisema jambo hili lilinichafua roho, niamini.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri, nyumbani kwetu Mishomoroni. Dada yangu Mwanatabu alikuwa amemwita fundi, Ronny, atutazamie kompyuta yetu kuukuu. Ndani yake mna rekodi ya mama akisoma dua. Sauti yake nyingine hatuna. Lakini tangu iwekwe Windows mpya, kompyuta ilikuwa bubu.

"Hii saundi kadi ni ya zamani, kampuni haitoi draiva zake tena, zile programu za kuifanya itoe sauti," Ronny alisema. "Kuna moja nimepata kwa mtandao, ya msee tu fulani. Hata hajaandika jina."

"Itie tu, kaka," dada akasema. "Mimi nataka kumsikia mama."

Akaitia. Akaizima kompyuta, akaiwasha tena. Spika zikakwaruza. Kisha mama akaita.

"Mwanatabu!"

Sisi tumelelewa. Mkubwa akikuita huulizi, waitika.

"Abee, mama," dada akaitika.

Ronny akatugeukia, uso umempauka. "Sijafungua rekodi," akanong'ona.

Spika zikaanza kutafuna. Polepole, kwa mdomo wazi. Mate yakivutika. Ulimi ukilamba meno. Kilichomo ndani kikameza, kikacheua, kikaanza upya. Sebule ikanuka tambuu iliyochacha. Nikang'oa waya ukutani. Kikaendelea kutafuna. Wallahi nilitapika pale pale, kwenye mkeka.

"Dada, tutoke," nikanong'ona.

Akafumbua kinywa anijibu. Hakikutoka kitu.

Mpaka leo hasemi. Daktari anasema koo lake ni zima. Ronny hapiti tena mtaa wetu. Fundi mwingine alituhamishia rekodi kwenye simu ya dada, kompyuta tukaitupa. Niliisikiliza mara moja tu. Urefu ni uleule, dakika nne, ila mama hayumo. Mna kutafuna, na mwishoni dada yangu anaitika: "Abee."

Dada huisikiliza kila siku baada ya adhuhuri. Ikifika mwisho, hufumbua kinywa pamoja nayo. Juzi nilikuwa nimekaa mbele yake, nikayaona meno yake.

Ni mekundu. Na nyumba hii haijapata kuingia tambuu.