Kosa, Mstari wa Pili

Walikutana wakigombea soketi. Jamani, soketi! Mgahawa umefurika saa ya mchana, wahudumu wanapishana na trei juu ya vichwa vya watu, na ukuta mzima una soketi moja tu inayofanya kazi. Yeye kainama na chaja yake, gauni la njano, kidoti cheusi shavuni, ndiyo maana hata nyumbani wanamwita Kidoti. Ghafla mkono mwingine huo, na chaja nyingine.

"Dada, mimi nimeiona kwanza."

"Wewe umeiona. Mimi nimeishika."

"Nimebakiza chaji kidogo sana, kazi yangu itapotea. Natengeneza lugha ya kompyuta."

Kidoti akanyanyua uso. Kaka mrefu kama mlingoti, mzuri, mzuri kweli, ila shati limefungwa kombo, kifungo cha pili kimeingia tundu la tatu. Akacheka mpaka akaiachia soketi.

"Shati tu limekushinda, lugha utaiweza?"

Na kweli, peke yake hakuiweza. Maneno ya lugha yake aliyapanga vizuri, lakini ile programu ya kuyasoma na kuifanya kompyuta itii, hana. Na hicho ndicho Kidoti alichosomea chuoni! Wakahamia kwenye meza ya chakula nyumbani kwa shangazi yake Kidoti, fundi cherehani, kompyuta mbili upande huu, cherehani upande ule. Kidoti akaiandika programu nzima. Mlingoti, ndivyo alivyombatiza, kazi yake kuijaribu, na kila siku kosa ni lilelile: anafungua mabano, anasahau kuyafunga.

"Mabano, mpenzi."

"Mbona nimeyafunga?"

"Umeyafunga moyoni. Kwenye kioo bado."

Shangazi anawasikia, anazidisha kelele za cherehani makusudi. Mapenzi yakakolea hapo hapo mezani.

Sasa sikia. Toleo la beta, lile la majaribio, lilikuwa litoke Jumamosi, Mlingoti alionyeshe ukumbini mbele ya watu. Jumatano ukurasa wa tangazo ukapanda mtandaoni. Kidoti akaufungua, akashuka hadi chini palipoandikwa "Waandishi." Jina moja. La Mlingoti, na la baba yake, na la babu yake. La kwake hata herufi haipo.

Masikio yakawaka moto. Simu ikaita.

"Kipenzi, tangazo umeliona?"

"Nimeliona."

"Mbona sauti hivyo?"

"Mafua."

"Pole, roho yangu. Jumamosi utakuja lakini?"

"Nikose tena? Siwezi kukosa, mpenzi wangu."

Akakata, akalia kidogo, akafuta kamasi. Shangazi akauliza, pini mdomoni, "Umemuuliza lakini?"

"Nimuulize mwizi, shangazi?"

Shangazi akamtazama. "Haya, simama nikupime. Kama ni kulipiza, ulipize umependeza."

Basi, mtu akikosea kuandika lugha ile, programu inamwambia kosa liko wapi. Ujumbe wote huo aliutunga Kidoti, kwa adabu zote. Na toleo la beta ni yeye wa kulipandisha. Jumamosi asubuhi akaufungua ujumbe mmoja tu, ule wa mabano, akauandika upya huku akitabasamu peke yake. Akalipandisha. Dunia nzima ianze kupakua.

Ukumbi ulijaa hadi wengine wakasimama ukutani. Kidoti kiti cha nyuma, gauni jekundu limemkaa kama kamwagiwa. Mlingoti jukwaani, jasho, kompyuta imeunganishwa na kioo kikubwa.

"Ni rahisi sana," anasema. "Naandika hivi, halafu hivi..."

Akabonyeza. Kioo kikajaa maandishi:

*Kosa, mstari wa 2: hukufunga mabano. Mimi nimeandikwa na Kidoti. Anayesema kaniandika yeye ni mwizi, na hata shati hajui kufunga.*

Watu wote wakaliangalia shati. Lilikuwa kombo! Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mlingoti akalitazama shati, akakitazama kioo.

"Kidoti? Mwizi wa nini?"

Kidoti akasimama. "Shuka chini kwenye tangazo lako, baba. Jina langu liko wapi?"

Mlingoti akaufungua ukurasa, akashuka hadi chini. Akaona. Akashika kichwa.

Unajua kilichotokea? Kila badiliko kwenye programu hubeba jina la aliyeliandika. Mlingoti aliona yamekuwa mengi, akayakunja yote yawe moja, eti nadhifu, na hilo moja likabeba jina la aliyekunja. Ukurasa ukachota jina hapo wenyewe.

"Sikuiba, Kidoti. Wallahi sikuangalia."

"Hukuangalia," akasema taratibu. "Programu nzima nimeandika mimi, na hukuangalia kama nimo."

Hapo hakuna aliyecheka. Mlingoti akaandika jina la Kidoti pale pale, la kwanza, juu ya lake mwenyewe, kila mtu akiona. Kidoti akachukua mkoba, akatoka. Akaacha simu iite wiki nzima, na alikuwa anafurahia kila mlio, usimwonee huruma.

Watumiaji wakaanza kuleta ripoti za makosa, hadharani, Kidoti akizijibu. Asubuhi moja ikaja hii:

*Kuna kitu nilikifungua kwenye soketi ya mgahawa, sijakifunga mpaka leo. Naomba kukifunga kwa ndoa.*

Akajibu, dunia nzima ikisoma: *Hili si kosa la programu. Ni kosa la mtumiaji.*

Simu ikaita. Safari hii akapokea.

"Ndiyo hapana hiyo, Kidoti?"

"Njoo umwambie shangazi. Na vifungo uvihesabu kabla hujabisha hodi."

"Nakuja! Nakuja sasa hivi! Halafu, mke wangu... ule ujumbe wa mwizi, kwenye toleo kamili utautoa, eti?"

"Thubutu! Wanao watajifunzia kusoma humo."