Jibu la Chizuru

Adhuhuri moja ya Julai, duka kubwa la Umeda, jijini Osaka, lilijaa watu waliokuja kuwanunulia wakubwa zao zawadi za kiangazi. Lifti ilipofunguka, Ryohei, muuza mashine za ofisi, alimwinamia dada aliyevaa gauni la kitani la samawati.

"Tangulia, tafadhali."

"Hapana, wewe kwanza."

"Haiwezekani, dada. Wewe."

Mlango ukajifunga, lifti ikapanda bila wao. Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko.

Dada huyo aliitwa Chizuru Tsujino. Kufikia vuli lugha ya heshima ilikuwa imewatoka, na kila akipiga simu, Chizuru alianza na "Umeshakula, mlafi wangu?"

Desemba, juu ya mabakuli ya tambi yanayofuka moshi, Ryohei akasema, "Chizuru, tuoane."

Chizuru aliweka vijiti chini. "Nitalifikiria."

Kwa miaka tisa wateja walikuwa wakimjibu Ryohei hivyohivyo, na hata mmoja hakurudi kununua. Hiyo ndiyo "hapana" ya watu wenye adabu, na muungwana hang'ang'anii. Aliinama, akashukuru, akamsindikiza Chizuru hadi kituoni. Hakupiga simu tena.

Siku ya tano Chizuru alipiga mwenyewe, saa ya chakula cha mchana.

"Ryo, mbona kimya?"

"Samahani sana, Bi Tsujino. Sikupenda kukusumbua."

"Bi Tsujino? Tangu lini nimekuwa mteja wako?"

"Nakushukuru kwa wema wako wote." Ryohei akakata simu.

Mteja! Neno lake mwenyewe lilimfungua Chizuru macho. "Mjinga huyu!" alisema, akavaa koti lake jekundu.

Wafanyakazi wote ofisini kwa Ryohei waliinuka kumkaribisha. Ryohei alianza kuinama. Chizuru akamshika tai.

"Usiniinamie. Nitazame! Nilisema nitafikiria, nikafikiria. Nilikwenda Nara kwa baba. Amekuwa peke yake tangu mama afariki. Sikutaka ayasikie haya kwa simu."

"Akasemaje?"

"Ameuliza kama unakula vizuri."

"Na wewe wasemaje?"

"Nasema ndiyo. Nataka unioe. Nimesema kwa lugha ya kueleweka, au nirudie?"

"Rudia," alisema Ryohei, machozi yakimtiririka mchana kweupe, mbele ya bosi wake.