Nani Atamchukua Larissa?

Siku ile wazazi wa shule moja ya Kamembe, upande wa Rwanda, nusura washikane mashati kwa sababu ya saa. Mwalimu mkuu alitaka masomo yaanze saa mbili na nusu badala ya saa moja, ili watoto wapate usingizi wa kutosha. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, na kila mmoja alikuwa na la kusema.

Odette alisimama. Alivaa kitenge cha kijani kilichomkaa kiunoni hasa, na kilemba cha rangi hiyohiyo. Muuza vitenge wa Bukavu hawezi kutoka nyumbani hovyohovyo.

"Mimi navuka mupaka kwenda Bukavu asubuhi sana," akasema. "Masomo ikianza saa mbili na nusu, Larissa nitamuachia nani? Ukuta? Saa moja njo muzuri!"

"Muzuri kwako," ikajibu sauti ya kiume nyuma yake. "Siye benye kupakia muchele Bugarama alfajiri, tutarudi kuleta batoto na mabawa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Odette akageuka ili amtie mtu adabu. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, na uso umetulia kama vile hajachokoza mtu. Lakini kilichomshtua ni Kiswahili chake. Kilikuwa cha Bukavu kabisa.

"Weye ni wa wapi?" alimuuliza langoni, mkutano ulipovunjika bila uamuzi.

"Munyarwanda. Ila nilikulia Kadutu, kule Bukavu, tukarudi huku nikiwa kijana. Naitwa Valens Nzabonimana. Na weye, Maman wa Saa Moja?"

Odette alicheka bila kutaka. Kumbe Valens alifiwa na mke. Mwanawe, Mahoro, alisoma darasa moja na Larissa. Baba yake Larissa naye alikwenda Kinshasa kutafuta maisha, akayapata huko bila wao. Kabla hawajaagana walikuwa wamepatana: asubuhi Odette awapeleke watoto wote wawili, jioni Valens awachukue na kukaa nao mpaka Odette arudi kutoka Bukavu.

Shule ilikuwa na sheria moja: mtoto anakabidhiwa mwenye kadi yake, basi. Kadi ya Larissa Odette hakuwahi kumpa mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Alimpa Valens.

"Hii kadi, Papa Mahoro, njo mutoto wangu muzima."

"Nitaitundika na ya Mahoro, musumari moja."

Tangu hapo simu zikaanza.

"Larissa amekula?"

"Amekula kama askari. Na maman yake?"

"Maman yake iko nauza."

"Leo amependeza?"

"Weye unaniona wapi, muongo?"

"Sikuoni. Njo maana nauliza, cherie."

Hilo neno "cherie", yaani mpenzi, Odette alivuka nalo mpakani siku nzima, huku na kule, na watu wa forodha hawakumtoza kitu.

Kisha mvua ikanyesha Bukavu, soko likakimbiwa na watu, Odette akarudi mapema. Akapitia shuleni ili amshangaze Valens. Aliyeshangazwa ni yeye.

"Batoto bamechukuliwa mchana," mlinzi akasema. "Na mwanamuke."

"Mwanamuke gani?"

"Simujue. Alikuwa na kadi zote mbili."

Odette alichomoa simu. Alimpigia Valens, hakupatikana. Akakimbia matopeni, viatu mkononi, akiomba kwa sauti na watu wanamtazama. Mlango wa Valens ulifunguliwa na mwanamke kijana, kitenge kimefungwa kifuani, mabega yanang'aa mafuta, na miguuni kandambili za Valens. Nyuma yake Larissa na Mahoro walikuwa mezani, wanakula sambaza, vidagaa vya ziwani.

"Weye ni nani?" Odette akauliza, anahema.

Mwanamke alimtazama kuanzia kilemba mpaka vidole vyenye matope. "Ingia kwanza, maman. Mimi niko kwetu."

Kwetu! Odette aliduwaa. Kumbe mwanamume ana mke ndani, na yeye mpumbavu amekuwa akicheka kwenye simu.

"Mutoto si kikapu, unabeba tu sababu umekikuta mulangoni!" alifoka hadi majirani wakatoka. "Nimekufa mara tatu kwa njia leo! Larissa, ondoka hapo!" Akang'oa kadi ya Larissa msumarini, akaondoka na mtoto aliyekuwa bado anatafuna.

Jioni Valens alipiga.

"Cherie, sikia kwanza..."

"Cherie wako ni ule mwenye kuvaa kambambili yako!" Akakata, akaifunga namba yake.

Kuanzia hapo alirudi kutoka Bukavu mchana mchana kumchukua Larissa mwenyewe, na wateja wakamzoea jirani yake wa sokoni. Aliapa kwamba wazazi wakichagua saa mbili na nusu, Larissa ataenda kuishi kwa bibi yake Bukavu. Usiku alimtazama mtoto amelala, na roho ikamuuma.

Mkutano wa pili ukaja. Mikono ikainuliwa, ikahesabiwa: saa mbili na nusu. Odette akasimama aseme kwamba anamtoa mtoto, na mlango ukafunguliwa. Aliingia Valens, na yule mwanamke!

"Mimi njo mukosaji," mwanamke akasema mbele ya wote. "Naitwa Gaudiose. Mimi ni shangazi yake huyu, dada mudogo wa baba yake. Nimetoka Bweyeye. Kwetu, kijana akipata mwanamuke, shangazi anatangulia kuchunguza, na mwenye kuchunguza hasemi ni nani. Valens alikuwa Bugarama, hakujua kitu. Nikatoa kadi kwa musumari, nione mutoto analelewa namna gani."

"Ukaona nini?" mzazi mmoja akadakia.

"Mutoto ananawa mikono bila kuambiwa. Na mama yake alinifokea hadi nikasahau jina yangu. Nikamuambia Valens: ni huyo."

Watu walicheka. Odette hakucheka. "Munanichunguza na mutoto wangu? Nilijua ameibiwa!"

Gaudiose akainamisha kichwa. Valens akasogea mbele.

"Kadi ulinipa mimi. Kosa ni yangu, si ya shangazi. Na muzigo ya alfajiri nimeachia mwenzangu. Asubuhi na jioni, batoto wote bawili ni mimi. Hata kama hunipendi tena, usimupeleke Larissa."

 Odette akatoa kadi, akaiweka kiganjani mwa Valens. "Hii si jibu. Ni Larissa tu."

Juma lililofuata, jioni moja, Odette alivuka mpaka, bunda la vitenge kichwani. Valens alikuwa amesimama upande wa Rwanda na watoto wote wawili, bado wana sare za shule.

"Nani anagonjwa? Kuna nini?"

"Hakuna, Maman," Larissa akasema. "Tumekuya kukuchukua weye."

"Mimi? Kwa ruhusa ya nani?"

Mahoro akamnyooshea kipande cha katoni ya sabuni, kimeandikwa kwa penseli: *Jina: Odette. Mwenye kumchukua: Valens. Muda: kila siku.* Chini kulikuwa na mstari wa sahihi, mtupu.

Odette alisoma, akarudia kusoma. Watu walimsukuma na mizigo yao, wakamwambia apite au akae. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ni maneno ya nani hii?" akauliza.

"Yangu," Valens akasema. "Mahoro aliandika tu, sababu ana mwandiko muzuri. Nataka nikuoe, Odette."

Odette alimwekea Valens bunda mikononi, akachukua penseli ya Mahoro, akamgeuza mwanamume yule mgongo. Aliweka katoni juu ya shati jeupe lililopigwa pasi, akatia sahihi yake polepole, na penseli ikaitoboa.