Mifupa ya Unyoya

Kila asubuhi msichana alipoamka, mama yake alikuwa ameshaondoka. Mama alifua mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na zamu yake ilianza mapema. Mezani aliacha hotpoti ya kijani yenye chakula cha kula baada ya shule, na pembeni yake kikombe cha maziwa kilichofunikwa kwa kisahani. Baba alifanya kazi mji wa mbali. Sauti yake ilikuja kwa simu kila Jumapili, ikauliza habari za masomo, ikaondoka. Kwa hiyo msichana huyo wa miaka kumi na mitatu aliongea zaidi na baiskeli yake kuliko alivyoongea na mtu yeyote. Aliijaza upepo, akaufuta mnyororo, akaiambia, "Haya, twende zetu."

Kwenye kikundi cha baiskeli walimwita Unyoya. Jina hilo alilipata mwaka uliopita, kwenye mlima wa kiwanda cha matofali, alipowapita wavulana wawili wakubwa waliokuwa wakihema kama mivukuto. Kocha wao, mtu mrefu mwembamba mwenye kuchechemea kidogo, alikuwa kileleni na saa yake. "Mlima haupendi mzigo," aliwaambia wengine. "Tazameni unyoya huu." Hakuna aliyewahi kumsifu hivyo mbele za watu. Maneno yale alilala nayo, akaamka nayo.

Zamani aliruka kamba kila jioni na wasichana wa mtaani, nje ya lango. Kiongozi wao alikuwa binti wa jirani, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Siku moja Kidoti alimwita, naye akajibu akiwa juu ya baiskeli, "Kamba ni mchezo wa watoto." Kidoti hakumwita tena. Tangu hapo, kila alipopita, vicheko vilinyamaza mpaka apite, ndipo kamba ilipoanza upya kupiga chini, ta, ta, ta.

Na kwa kuwa mlima haupendi mzigo, aliamua kuupunguza. Kwanza aliacha maziwa, akayamwaga kwenye sinki. Kisha akawa anakula nusu ya chakula. Mwishowe hotpoti nzima ilikwenda kwa mabata wa jirani, nyuma ya ukuta. Mabata wale walinenepa mpaka wakawa wanatembea kama wenye nyumba siku ya kudai kodi. Yeye aliiosha hotpoti, akaikausha, akairudisha mezani.

"Umekula?" Mama aliuliza kila jioni huku akivua viatu.

"Nimekula, Mama."

Mama alifunua hotpoti, akaona iko tupu, akafurahi. Alikuwa amechoka mno kutazama zaidi ya hapo.

Mwezi wa tatu Unyoya alivunjika kidole kwa kujigonga tu kwenye usukani wa baiskeli. Watu walisema ni bahati mbaya. Mwezi wa nane, wiki mbili kabla ya mashindano, alikuwa amesimama langoni juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akitafuta ufunguo mfukoni. Mguu ukateleza, akaanguka ubavu, akajikinga kwa mkono. Hakuwa hata kwenye mwendo. Lakini alisikia kitu kikilia ndani ya mkono kama kijiti kikavu kinachokatika.

Wasichana wa kamba walikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Walisimama wakamtazama. Alijua hawana hakika kama wanaruhusiwa kumsogelea, na alijua ni nani aliyewafanya wawe hivyo. Alitaka kuita, lakini hakujua aanze na jina la nani. Mwishowe Kidoti aliiachia kamba, akaja, akachuchumaa.

"Usiusogeze," alisema. "Namwita mama yangu atupeleke hospitali."

Daktari, mwanamke wa makamo aliyependa kuuliza mara mbilimbili, aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu. Mama alikuwa amepanda mbio kutoka chumba cha kufulia, aproni bado mbichi.

"Mfupa wa pili kuvunjika ndani ya mwaka mmoja, na mara zote kwa kishindo kidogo," daktari alisema. "Nataka tuipime mifupa yenyewe."

Walimlaza kwenye mashine, mkono wa chuma ukapita polepole juu ya mwili wake bila kumgusa. Majibu yalionyesha kwamba mifupa yake ilikuwa imekonda, haikujengeka kama ya mtoto wa umri wake.

"Unakula vizuri?" daktari aliuliza.

"Ndiyo," Unyoya alijibu.

"Anakula, daktari," Mama alidakia. "Hotpoti hurudi tupu kila siku. Mimi mwenyewe naifunua."

Daktari akaandika. Basi ikabidi watafute ugonjwa uliojificha. Unyoya alilazwa. Walimtoa damu mara tatu, wakamwambia wangepima kama tumbo lake linashindwa kushika chakula, au kama figo zina shida. Wodi ilikuwa na vitanda sita, na saa ya kutazama wagonjwa, vitanda vitano vilizungukwa na watu. Kwake alikuja Mama peke yake, dakika kumi, kati ya mashine moja ya kufulia na nyingine. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono iliyochubuka kwa sabuni, akatabasamu. Lakini macho yake yalikuwa mekundu. Unyoya aligeukia ukutani. Ugonjwa uliokuwa ukimliza Mama haukuwepo, na aliyejua hivyo alikuwa yeye tu.

Siku ya pili alikuja Kocha. Alivuta kiti, akakaa kwa uangalifu kama mtu anayeshusha kikapu cha mayai.

"Unajua kwa nini nachechemea?" aliuliza.

"Ulianguka kwenye mashindano. Ulituambia."

"Niliwadanganya. Nyonga hii niliivunja nikishuka ngazi moja ya dukani. Ngazi moja tu. Walinipima, wakasema nina mifupa ya mzee wa miaka themanini, na mimi nilikuwa na arobaini na minne." Alipapasa nyonga yake. "Miaka ishirini nilikuwa juu ya kiti cha baiskeli, nikila kama ndege ili nipande milima. Sikukimbia, sikuruka, sikubeba kitu kizito. Moyo na mapafu vilikuwa vya chuma, mifupa ikawa ya biskuti. Niliona aibu, nikaficha. Na yale maneno ya mlima nimeendelea kuwaambia ninyi hata baada ya kujua. Kosa hilo ni langu, si lako."

Unyoya alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Ila kama kuna jambo unalijua wewe lakini daktari halijui," Kocha alisema akiinuka, "usikae nalo miaka kama mimi."

Mama alipokuja saa kumi, alimkuta binti yake ameketi.

"Mama, chakula walikuwa wanakula mabata."

Mama alimgusa paji la uso, akidhani ni dawa ya maumivu inayosema.

"Mabata wa jirani. Nilikuwa nawamwagia. Maziwa pia."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoitwa Unyoya."

Mama aliketi kitandani. Hakugomba. "Nimekuwa nikifua mashuka ya wagonjwa," alisema taratibu, "huku nikimshukuru Mungu kwamba wangu anakula vizuri."

Hapo ndipo wote wawili walipolia.

Daktari alipoambiwa, alifuta vipimo viwili akaeleza. Mfupa ni kitu hai, hujengwa kwa chakula cha kutosha, maziwa, dagaa, mboga za majani na jua. Pia hupata nguvu kwa kubeba uzito wa mwili na kwa vishindo vya kukimbia na kuruka. Baiskeli ni mchezo mzuri, ila humbeba mtu, na mifupa yake haipati kishindo. Umri huu ndio wa kuweka akiba ya mifupa ya maisha yote. "Mkono ukipona, endelea kuendesha," alisema. "Lakini ule ushibe, na uruke kila siku."

Plasta ya mkono uliovunjika ilipotolewa, Unyoya alikwenda langoni na kurudi mara tatu kabla ya kutoka.

"Daktari ameniambia niruke," alimwambia Kidoti.

"Si ulisema ni mchezo wa watoto?"

"Nilisema. Nilikosea."

Kidoti alimtazama, akamtazama tena. Hakutabasamu. "Shika ncha hii kwanza," alisema. "Zamu yako ni ya mwisho."

Zilipita wiki kadhaa kabla wasichana wa kamba hawajamcheka kama wanavyochekana wao kwa wao. Siku za mvua, wengine walipojifungia ndani, bado alijikuta mpweke. Lakini alikula, na mashindano yaliyompita akiwa na plasta hakuyajutia. Kocha naye aliwakusanya wanakikundi, akawaambia ukweli wa nyonga yake, na hakuna tena aliyesifiwa kwa wepesi.

Baada ya mwaka mmoja alipimwa upya. Mifupa ilikuwa imeongezeka, si sana, ila daktari aliridhika. Walipokuwa wakishuka ngazi za hospitali, Mama alimshika mkono.

"Mwanangu," alisema, "mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa, na mwili ulionyimwa chakula hautaacha kudai haki yake. Nami nina kosa langu. Nilikuwa nakagua hotpoti badala ya kukutazama wewe. Kuanzia sasa ukiona upweke, niambie, hata kama nimechoka."

"Nimeuona leo asubuhi," binti alisema.

Mama akasimama pale pale kwenye ngazi, akaketi, akamvuta aketi kando yake. "Haya," alisema. "Nieleze."