Anayemalizia Sentensi

Muuguzi aliamka sauti imemkauka, na kinywa chake kinanuka nywele zilizoungua.

"Wewe, ulikuwa unaniuliza nini usingizini?"

"Nikuulize nini, mke wangu? Ulikuwa unakoroma tu."

Mumewe alidanganya bila kuinua macho kwenye laptopu. Digrii yake ilikuwa imefaa kuziba ufa wa ukutani, basi akageukia hadithi. Mbinu za kuita mawazo alizijaribu zote: kuandika amejifungia kabatini, kuandika miguu iko kwenye beseni la maji baridi, kuandika kwa mkono wa kushoto. Wapi! Hadi mchana mmoja mkewe, hoi kwa zamu ya usiku, akaweweseka usingizini. Mume akamnong'oneza nusu ya sentensi ya hadithi yake. Mkewe akaimalizia, tamu ajabu.

Ikawa kila mchana. Mhariri aliyekuwa hapokei simu zake sasa anamwita "mkuu". Kisha majibu yakaanza kuja kwa sauti nene, ya kitu kisichovuta pumzi. Mume alijua kabisa kwamba huyo si mkewe. Akaendelea kuuliza.

Mkewe akaanza kukwama. "Niletee... niletee..." anasema, halafu analia, maana mwisho wa maneno yake mwenyewe haupati tena.

Dada yake muuguzi akaleta mganga, mama mkali asiye na salamu nyingi.

"Jini huyu kakaribishwa," mganga alinong'ona. "Aliyemkaribisha aseme mbele ya mgonjwa, naye jini atatoka sasa hivi. Akinyamaza, mimi nimeshindwa."

"Shemeji," dada mtu alisema, "kama ni wewe, sema tu. Hatutakugombeza."

Mume alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama kwa macho yanayoomba, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka kwenye mto, na yeye badala ya kumfikiria mwanamke aliyemlisha muda wote huo akaifikiria sura ya mwisho ya hadithi yake ambayo bado haijaisha, na "mkuu" ya mhariri, na kurudi kuwa msomi wa kufagia sebule, na moyo ukawa unampigia kelele sema, mwoga wee, sema, mpaka mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mimi sijui lolote."

Mganga akafunga mkoba wake.

Midomo ya muuguzi haikusogea, lakini sauti nene ikatoka kifuani mwake, taratibu, kama mtu anayesoma:

"...alisema mume, na hiyo ikawa mara ya mwisho mkewe kumtambua."